Mninga Tunaujua kwa Ubao, Hatuujui kwa Mche

Mwulize Mtanzania yeyote, wa mjini au wa shamba, ni mbao gani iliyo bora kwa kitanda cha harusi au kwa mlango wa mbele wa nyumba, naye hatakawia kujibu: mninga. Wenye fedha huuagiza kwa jina, wasio nazo huutamani, na mafundi seremala huusifu kwa maneno ambayo hawayatumii kwa mti mwingine. Lakini mchukue mtu huyo huyo mpaka porini, umsimamishe kati ya miti mia moja ya miombo, kisha umwambie, "Nionyeshe mninga." Hapo ndipo kigugumizi huanza. Na kama ukimwonyesha mche wa mninga wenye umri wa miaka mitano, ambao umejificha katika nyasi kwa kimo cha shubiri moja au mbili tu, hata baadhi yetu tuliosomea misitu tutaukanyaga na kuupita.

Rai yangu katika makala haya ni moja. Mninga haupungui kwa sababu ya msumeno peke yake. Unapungua pia kwa sababu sisi tunaoupenda hatuutambui ukiwa mchanga, na kwa hiyo kila mwaka tunaulima, tunauchoma na kuufukia pasipo kujua, mara nyingine katika siku zile zile tunazojisifu kwamba tunapanda miti.

Nasema hivyo kwa jambo nililoliona mwenyewe. Mwaka mmoja, mwanzoni mwa mvua, nilialikwa katika sherehe ya kupanda miti kwenye shule ya msingi moja katika Mkoa wa Tabora, ambayo sina haja ya kuitaja jina. Kila kitu kilikuwa tayari: mashimo yamechimbwa kwa mistari iliyonyoka, miche ya mikaratusi imepangwa kivulini, wanafunzi wamevaa sare, na mgeni rasmi anasubiriwa. Uwanja wote ulikuwa umefyekwa na kutifuliwa kwa jembe ili, kama nilivyoambiwa, uwe safi. Pembeni alisimama mzee mmoja mfuga nyuki, mikono nyuma, akitazama bila kusema. Nilimwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unawaona hawa? Wanapanda miti juu ya miti."

Sikumwelewa. Aliinama, akachokoa udongo kwa ncha ya panga karibu na shimo mojawapo, akanionyesha mzizi mnene kama muhogo uliokomaa, na juu yake chipukizi changa lililokatwa kwa jembe siku hiyo hiyo. "Huu ni mninga. Wazazi wake ni wale pale ng'ambo ya barabara." Tulizunguka pamoja ukingo mmoja tu wa uwanja, na katika nafasi isiyozidi darasa mbili tulihesabu mizizi ya namna hiyo kumi na mmoja. Yote ilikuwa hai. Hakuna aliyeipanda, hakuna aliyeilipia, wala hakuna aliyejua kwamba ipo, isipokuwa mzee yule. Kiangazi kilipofika, mikaratusi mingi ilikauka kwa kukosa wa kuimwagilia.

Yafaa basi tuanze na kuutambua mti wenyewe. Wataalamu huuita *Pterocarpus angolensis*, jina alilolitoa mtaalamu wa mimea de Candolle mwaka 1825. Sehemu ya kwanza ya jina hilo imetoka katika lugha ya Kiyunani, nayo maana yake ni tunda lenye bawa. Sehemu ya pili inataja Angola, lakini msomaji asidhani kwamba mti huu umetoka huko. Ni mwenyeji wa nchi nyingi za kusini na mashariki ya Afrika, kutoka Tanzania mpaka kaskazini ya Afrika ya Kusini. Zambia na Zimbabwe huuita mukwa, Malawi huuita mlombwa, Afrika ya Kusini kiaat. Wafanyabiashara wa mbao wa Uingereza walichukua jina letu sisi, wakaliandika *muninga*, na hilo ndilo lililobaki katika orodha zao. Ni mti wa jamii ya mikunde, ndugu wa mbali wa maharage na karanga.

Alama iliyo wazi kuliko zote ni tunda. Hakuna jingine linalofanana nalo katika miombo yetu ya kawaida. Ni kisahani chembamba na chepesi, chenye upana wa sentimita 8 hadi 12, yaani kama kiganja cha mtu mzima. Katikati pana uvimbe mgumu uliofunikwa na nywele ngumu kama miiba, na kuuzunguka pana bawa jembamba kama karatasi, lenye mikunjo ukingoni. Kuna waliolifananisha na yai la kukaanga, na kweli umbo ndilo hilo. Ndani ya uvimbe mna mbegu moja au mbili, mara chache zaidi. Jambo lenye manufaa kwa mtambuzi ni kwamba matunda haya hayaanguki upesi. Mti ukiwa umepukutisha majani yake yote wakati wa kiangazi, bado utayaona yananing'inia matawini kama sarafu za kahawia, na hata ukikosa juu, tazama chini. Kwa hiyo Julai na Agosti, miezi ambayo watu hudhani haifai kwa kujifunza miti, ndiyo miezi rahisi kuliko yote ya kuujua mninga.

Majani yanahitaji uangalifu zaidi, maana hapa ndipo wengi hupotea. Jani la mninga limegawanyika katika vijani vingi vilivyopangwa pande mbili za ubuo, kwa kawaida 11 hadi 19, pengine zaidi. Miti mingi ya miombo ina majani ya namna hiyo: mtundu, myombo na mkora, yote vijani vyake hukaa pande mbili. Tofauti ni hii. Katika mtundu na ndugu zake, na pia katika mkora, vijani hukaa viwili viwili, jozi kwa jozi, na jani huishia kwa jozi. Ukihesabu vijani utapata idadi shufwa. Katika mninga, jani huishia kwa kijani kimoja kilichosimama peke yake nchani, na vijani vya pembeni mara nyingi havikutani uso kwa uso bali hupishana kidogo. Mwanafunzi wa darasa la tatu anayejua shufwa na witiri anaweza kutenganisha mninga na mtundu bila msaada wa profesa. Mkora, zaidi ya hayo, una ganda nene jeusi kama ubao lenye mbegu nyeusi zilizovikwa kofia nyekundu, zile zinazotengenezewa shanga, hivyo matunda yakiwepo hakuna shaka.

Gome la mti mkubwa ni la kijivu iliyokolea hadi karibu na weusi, nalo limepasukapasuka katika vipande vya pembe nne kama ngozi ya mamba. Maua yake ni ya rangi ya manjano iliyoelekea machungwa, yana harufu nzuri, na hutokea mwishoni mwa kiangazi, aghalabu kati ya Septemba na Novemba, kabla ya majani au pamoja nayo. Wafuga nyuki huujua msimu huo vizuri kuliko Mabwana Misitu.

Halafu kuna damu. Ukilijeruhi gome, mti hutoa utomvu mwekundu mzito unaokauka na kuwa mweusi, na ndiyo sababu katika nchi nyingi wapo wanaoutumia kwa maradhi ya damu, kwa imani kwamba kifananacho hutibu kifananacho. Siingii katika ubishi huo. Ninalotaka kusema ni kwamba damu si ushahidi wa kutosha. Ndugu wengine wa mninga, kama mkurungu, nao hutoa utomvu mwekundu. Tena ni tabia mbaya kuukatakata mti kwa panga ili kuuthibitisha, hali tunda limelala chini ya miguu ya mkataji.

Ndugu hao ni tatizo la kweli. Jina la mninga limetandazwa juu ya miti kadhaa. Utasikia mninga maji mahali pamoja, na ukifika mahali pengine jina hilo hilo linatajwa kwa mti mwingine. Yupo jamaa mmoja mwenye vijani vichache, vipana na vya mviringo, ambaye tunda lake halina zile nywele ngumu katikati. Huyo, *Pterocarpus rotundifolius*, hana thamani ya ubao wa mninga. Porini kumtenga ni rahisi. Gogo likishamenywa gome na kupakiwa katika lori, hapo ni habari nyingine.

Hili si neno la mafundi tu, limekwisha kuwa jambo la sheria za dunia. Mkurungu ulitafutwa sana na wanunuzi wa nje kwa ajili ya fanicha nyekundu, na mwaka 2019 uliwekwa katika orodha ya pili ya CITES, yaani Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Viumbe Walio Hatarini Kutoweka. Kisha katika mkutano wa Panama wa Novemba 2022 nchi wanachama walikubaliana kuiweka katika orodha hiyo miti yote ya jenasi ya *Pterocarpus* iliyoko Afrika, mninga ukiwemo. Sababu mojawapo ilikuwa ndiyo hiyo hiyo ninayoizungumza: mbao za ndugu hawa zikishakatwa ni vigumu kuzitofautisha, na mwenye hila anaweza kupitisha mmoja kwa jina la mwingine. Orodha ya pili haikatazi biashara. Inadai kibali, na kabla ya kutoa kibali nchi inayosafirisha lazima ijiridhishe, kwa njia za kisayansi, kwamba uvunaji hauudhuru uhai wa mti huo porini.

Hebu tujiulize: tutajiridhishaje? Kwa kuhesabu miti mikubwa tu? Mtu anayehesabu ng'ombe dume wakubwa peke yao na kuacha ndama hawezi kusema lolote juu ya kesho ya zizi lake. Hapa ndipo maisha ya utotoni ya mninga yanapokuwa na uzito, nayo ni maisha ya ajabu.

Mbegu ya mninga imefungwa ndani ya kasha gumu kiasi kwamba anayetaka kuitoa hana budi kutumia kisu na subira. Katika mbegu nyingi zinazoanguka, ni chache sana zinazoota. Ile inayoota haikimbilii juu kama mkaratusi. Inatoa chipukizi dogo lenye majani machache, na nguvu zake zote inazipeleka chini, katika mzizi mkuu. Kiangazi kikija, chipukizi hufa. Mpita njia husema mche umekufa, lakini uliokufa ni ncha tu. Mvua zikinyesha, mzizi hutoa chipukizi jipya, nalo hufa kiangazi kinachofuata. Mambo huenda hivyo mwaka baada ya mwaka, pengine kwa miaka kumi au zaidi, huku mzizi ukinenepa na kuweka akiba. Siku moja akiba inatosha. Chipukizi la mwaka huo linapanda kwa nguvu, linavuka kimo cha nyasi na cha moto, halifi tena, na mti umezaliwa.

Kwa hiyo "mche" wa mninga unaouona shambani huenda umri wake ni sawa na wa mtoto anayeufyeka. Mwenye jembe hukiona kijiti, na chini yake pana kazi ya miaka minane.

Mambo haya hayakugunduliwa jana. S. B. Boaler alichapisha huko London mwaka 1966 kitabu kizima juu ya ikolojia ya mninga katika Tanzania, kutokana na kazi aliyoifanya katika misitu yetu. Sijapata kukiona kwa Kiswahili, wala kwa ufupisho wa kurasa kumi ambao katibu wa kijiji angeweza kuusoma. Karibu miaka sitini imepita. Wenye misitu hawana habari, na wenye habari hawana misitu. Hii, kwa maoni yangu, ni aibu yetu sisi watu wa sayansi kabla ya kuwa kosa la mwanakijiji.

Baada ya kuvuka utoto, mninga hukua polepole. Kufikia unene wa kupasuliwa mbao nzuri kunachukua makumi mengi ya miaka. Kwa bahati, mti huu huandika umri wake mwenyewe: katika nchi zenye kiangazi kimoja kirefu huweka pete moja kila mwaka, nene mwaka wa mvua nyingi na nyembamba mwaka wa ukame. Wachunguzi walizitumia pete za mininga ya Zimbabwe kujua hali ya mvua tangu mwaka 1796 hadi 1996, yaani karne moja nzima kabla ya vipimo vya mvua kuenea katika sehemu hizo. Napenda sana jambo hili. Kisiki kilichoachwa kuoza kando ya njia ya lori ni daftari la mvua ambalo hakuna aliyelifungua.

Najua kwamba hapa mtu atanipinga, na hoja yake si ya kupuuzwa. Atasema: nchi inahitaji mbao leo, watu wanaongezeka, na mti unaochukua maisha mawili ya binadamu si mti wa kutegemea. Misonobari ya Sao Hill na misaji ya Longuza na Mtibwa hutoa mbao katika muda ambao mtu mmoja anaweza kuupanga na kuuona. Nakubali. Kila paa linaloezekwa kwa msonobari ni paa ambalo halikuomba mti wa asili, na sioni sababu ya kuyasimanga mashamba ya miti. Wala sitaki kumtia msomaji hofu isiyo na msingi: mninga haujakaribia kutoweka. Tathmini ya misitu ya nchi nzima iliyochapishwa mwaka 2015 ilikadiria kuwa Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu na mapori ya miti, na sehemu kubwa ya eneo hilo ni miombo na mapori yafananayo nayo, makao ya mninga. Kilichopungua ni mininga minene. Mtu anayesafiri kutoka Sikonge kwenda Mpanda na kuongea na wapasua mbao ataambiwa jinsi wanavyoingia ndani zaidi kila mwaka kuitafuta.

Lakini hoja hiyo ya haraka inasahau jambo moja. Mninga hatuuanzi sifuri. Mizizi iko tayari ardhini, imekwisha kulipia miaka yake ya kwanza, ile iliyo migumu kuliko yote. Gharama ya kuutunza mzizi uliopo ni kijiti cha alama na macho ya mtu. Kuukuza mti huo huo kutoka mbegu katika kitalu ni kazi ya jasho yenye mavuno haba, na waliojaribu wanajua. Katika Mkoa wa Shinyanga, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 uliwarudisha wananchi katika desturi yao ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho na kuliacha lipumzike, na mamia ya maelfu ya hekta yalirudi kuwa na miti, kwa sehemu kubwa kutokana na mizizi na visiki vilivyokuwa vimelala. Dodoma njia hiyo wameipa jina zuri, kisiki hai. Miti ya kule mingi ni migunga, si mininga, lakini somo la mzizi ni lile lile.

Moto nao tuuseme kwa haki. Mninga mkubwa huustahimili kwa sababu ya gome lake nene, na mche wake hufa juu ukachipua tena chini. Tena mninga ni mti unaopenda mwanga, haupendi kusongwa katika kichaka cha giza, hivyo sidai kwamba moto ufukuzwe porini milele. Ninalodai ni kuhusu wakati. Moto wa Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, ni hafifu na hupita. Moto wa Oktoba ni tanuri. Unalikuta chipukizi lililokuwa limebakiza mwaka mmoja kuvuka kimo cha nyasi, linaungua hadi ardhini, na mzizi unaanza kuweka akiba upya.

Nirudi kwa mbao, maana msomaji wa mjini huenda amechoka na nyasi zangu. Ubora wa mninga hautokani na uzito wake, kwa kuwa si mzito sana. Unatokana na utulivu. Mbao nyingi zikikauka husinyaa na kupinda. Mninga husinyaa kidogo mno, na ndiyo sababu mlango wake haukwami masika wala hauachi ufa kiangazi. Kiini chake huwa kahawia ya dhahabu hadi wekundu uliokolea, mara nyingi chenye michirizi, na nje yake kuna ukanda wa mti mweupe ulioelekea umanjano, ambao huliwa na wadudu upesi. Vumbi lake huwasumbua baadhi ya mafundi puani na kifuani. Wafunge kitambaa wanaposaga.

Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa kitanda cha "mninga" ambacho mwaka wa pili kilianza kulia kila mtu anapogeuka, na rangi nyekundu ikabaki katika shuka. Kilikuwa cha mbao nyeupe iliyopakwa dawa. Nilistahili: nilinunua kwa macho ya mtu aliyesimama mita mbili. Anayetaka kujua na aombe fundi alambe kwa randa sehemu ndogo isiyoonekana, aimwagie tone la maji, atazame. Rangi ya mninga imo ndani na haikai juu kama ngozi. Vitundu vya maji vinaonekana kwa macho, vikiwa vingi na vikubwa zaidi mwanzoni mwa kila pete. Ukipata kioo cha kukuzia, tazama uso wa bapa wa ubao: utaona mistari midogo sana iliyopangana kwa mlalo, kama mawimbi ya ziwa lililotulia. Miti mingine pia ina mistari hiyo, kwa hiyo alama hii isisimame peke yake, lakini pale isipokuwepo kabisa muuzaji aulizwe maswali.

Kama mnunuzi wa kitanda anaweza kufanya hivyo, kwa nini kizuizi cha mazao ya misitu kisifanye? Napendekeza kwamba kila kizuizi barabarani kiwe na sanduku dogo lenye vipande vya mbao vilivyothibitishwa na wataalamu, kisu kikali na kioo cha kukuzia. Ofisa aliyepewa hati iliyoandikwa "mtundu" hana budi aweze kuliona gogo la mninga lililolala juu ya lori. Leo anategemea neno la dereva. Gharama ya sanduku hilo ni ndogo kuliko ushuru wa gogo moja linalopita kwa jina lisilo lake, na hasara hiyo haiangukii serikali peke yake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imevipa vijiji uwezo wa kuwa na misitu yao ya hifadhi na kufaidi mapato yake. Kijiji ambacho kamati yake haiwezi kutofautisha mninga na jamaa zake hupunjwa mchana kweupe.

Kuhusu shule, sitaki somo jipya. Walimu wana mzigo wa kutosha. Nataka jambo moja tu, kwamba kabla ya shimo lolote la mti kuchimbwa katika uwanja wa shule au wa kijiji, darasa zima lipewe siku moja ya kutembea na mzee au mama wa mahali hapo anayejua pori, na kila chipukizi la mti wa asili liwekewe kijiti. Baada ya hapo ndipo mashimo yachimbwe, mahali palipobaki wazi. Nchini Kanada jani la mti uitwao mepo limo katika bendera ya taifa tangu mwaka 1965, na mtoto hulitambua kabla hajajua kusoma. Sisi hatuna haja ya kubadili bendera. Tunda la mninga lililotundikwa juu ya ubao wa darasa kwa msumari mmoja lingetosha kuanzia.

Katika Urambo na Nachingwea, kati ya mwaka 1947 na 1951, serikali ya kikoloni ilileta matingatinga kung'oa miombo ili kulima karanga, na mpango ule ukaanguka. Mara nyingi tunausimulia kama kichekesho cha wageni waliokuja bila kuuliza wenyeji udongo na mvua vikoje. Nakumbuka kisa hicho kila nionapo uwanja uliotifuliwa tayari kwa sherehe, hali mzee mfuga nyuki amesimama pembeni na hakuna aliyemwuliza.

Ombi langu la mwisho linawahusu wasomaji wa jarida hili walioko Sikonge, Kaliua, Mpanda, Manyoni, Songea, Tunduru na Liwale. Septemba ikifika, chagueni mninga mmoja ulio karibu na nyumba au shule, na muandike katika daftari tarehe ya ua la kwanza, tarehe ya jani la kwanza, na tarehe moto ulipopita chini yake. Kisha tafuteni, katika mita ishirini kuuzunguka, vichipukizi vyenye jani linaloishia kwa kijani kimoja. Vihesabuni na mviwekee vijiti, na mwaka unaofuata mrudi kuvihesabu tena, mkianza na vile vilivyoonekana vimekufa.